Je, Wajua? Manjaniki Uani

Je, wajua kwamba kuna mtambo wa kurushia mawe usiotumia mpira, springi, baruti wala injini? Kinachouendesha ni kitu kizito kinachoshuka, basi. Waarabu waliuita manjaniki, na kwa zaidi ya miaka 200 mtambo huo uliamua ngome ipi ibaki na ipi ibomoke, kuanzia Uskoti hadi Uchina. Ukiupunguza ukawa na ukubwa wa meza ya kulia, unajengwa uani kwa mbao chache, kipande cha nondo na chupa mbili za mchanga. Watoto wa shule ya msingi wanaweza kuifanya karibu kazi yote.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya mtambo huu umeshaiona? Kumbuka kizuizi cha barabarani, kile cha kukagulia mkaa na mbao. Mti mrefu umelazwa juu ya nguzo; upande mmoja ni mrefu na unaziba njia, upande wa pili ni mfupi na umefungwa jiwe au ndoo iliyojazwa zege. Mlinzi akifungua kamba, zege inashuka na mti unapaa wenyewe, hata kama mlinzi ni mzee. Manjaniki ni kizuizi hicho kilichofungwa kombeo kwenye ncha yake ndefu. Mwanafunzi wa darasa la sita atakutajia majina ya kitabuni: wenzo, egemeo, mzigo.

Je, wajua kwamba kombeo ndilo lenye kazi kubwa kuliko mbao zote? Lifungue kombeo, bandika kikombe kwenye ncha ya mkono wa mtambo, uweke ndimu humo, na ndimu itaanguka karibu. Rudisha kombeo, itakwenda mbali zaidi bila kuongeza hata punje ya mchanga kwenye mzigo. Sababu yake inaonekana kwa macho: ncha ya mkono inaizunguka ekseli, na wakati huohuo kombeo linaizunguka ncha. Ndimu inapata mwendo wa mkono, na juu yake mwendo wa kombeo. Wanaoamia ndege kwenye mashamba ya mpunga wanaijua faida ya kamba hata kama hawajawahi kuipigia hesabu.

Kuna jambo zuri zaidi hapo. Manjaniki iliyopimwa vizuri, wakati ndimu inachomoka, mkono wake unakuwa karibu umesimama. Karibu nishati yote imekwisha kuhamia kwenye kombeo. Rekodini kwa simu, kisha mtazame picha ikienda polepole: mkono unapanda kwa kasi, unapunguza mwendo, unakaribia kutulia, na hapohapo kombeo linapita juu yake kama linaponyoka. Mkono ukizidi kuzunguka kwa kishindo na fremu nzima ikaruka, basi nishati imebaki kwenye mbao na haikwenda na ndimu.

Je, wajua kwamba manjaniki za kwanza hazikuwa na mzigo? Zilivutwa na watu. Maandishi ya wafuasi wa mwanafalsafa Mozi wa Uchina, ya karne kadhaa kabla ya Kristo, yanaeleza mitambo ya namna hiyo kwa ajili ya kulinda kuta za miji. Kundi la watu lilishika kamba zilizofungwa upande mfupi, likavuta chini kwa pamoja. Kitabu cha kijeshi kiitwacho Wujing Zongyao, cha mwaka 1044, kina michoro yake, na mitambo mikubwa ilihitaji wavutaji zaidi ya 100. Mwishoni mwa karne ya 6 ilishafika Ulaya. Waavari waliisimamisha mbele ya kuta za Thesaloniki.

Je, wajua kwamba vitabu vya sira ya Mtume Muhammad vinaitaja manjaniki katika kuzingirwa kwa Taif, mwaka wa 8 Hijria, yaani 630? Simulizi zinamtaja Salman al-Farisi kuwa ndiye aliyetoa ushauri itumike. Mji haukuanguka siku hizo. Watu wake walikuja kusilimu baadaye. Watoto waliopita madrasa huenda wamelisikia jina hili hata kabla ya hapo, katika kisa cha Nabii Ibrahimu. Wafasiri wanasimulia kwamba moto aliowashiwa ulikuwa mkali kiasi kwamba hapakuwa na wa kuusogelea, ikabidi atupwe ndani yake kwa manjaniki.

Je, wajua kwamba manjaniki iliyofyatuliwa na wanawake ilimuua mmoja wa makamanda waliogopwa sana kusini mwa Ufaransa? Simon de Montfort alikuwa akiuzingira mji wa Toulouse. Tarehe 25 Juni 1218 jiwe lilimpiga kichwani akafa palepale. Utenzi wa vita hivyo, ulioandikwa na mtu wa zama zilezile, unasema mtambo ule uliendeshwa na wanawake, wake za watu na wasichana wa mji. Mvulana yeyote atakayemwambia dada yake akae pembeni wakati wa kujenga, asomewe habari hii.

Je, wajua ni nini kilichobadilisha kila kitu? Ni kuwaondoa wavutaji na kuweka mzigo. Jambo hilo lilienea katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania katika karne ya 12. Mwandishi Mardi al-Tarsusi aliueleza mtambo wenye mzigo katika kitabu cha silaha alichomwandikia Sultani Salahuddin, mnamo mwaka 1187. Mtambo alioueleza uliitwa wa Kiajemi, na mzigo wake ulikuwa mawe yaliyofungwa ndani ya wavu.

Watu huchoka. Mvutaji wa asubuhi si mvutaji wa alasiri, na watu hamsini hawavuti sawasawa mara mbili mfululizo. Lakini sanduku la mawe lenye tani tano asubuhi lina tani tano jioni, na linashuka kimo kilekile. Kwa hiyo jiwe la pili linapiga karibu na lilipopiga la kwanza, na la kumi vilevile, mpaka ukuta unaachia. Hapo ndipo ninapoipendea manjaniki kama mwalimu wa watoto kuliko manati au mpira. Ukirusha kwa mkono na kitu kikaenda mbali zaidi, hujui ni kwa sababu ya mbinu mpya au kwa sababu umetumia nguvu zaidi. Manjaniki haina siku njema wala siku mbaya. Mtoto akibadilisha kitu kimoja, na ndimu ikabadilisha njia, basi kitu kile ndicho kilichosababisha. Anaweza kukiamini alichokiona. Sijui kifaa kingine cha mbao na kamba kinachompa mtoto wa miaka tisa uhakika wa namna hiyo.

Je, wajua kwamba vipimo vichache vinatosha kuanzia? Chukueni ubao mwembamba wa mita 1, au mwanzi mkavu ulionyooka. Huo ndio mkono. Pimeni sentimita 20 kutoka ncha moja na hapo ndipo pa kutoboa tundu la ekseli, ili upande mrefu uwe sentimita 80, mara nne ya upande mfupi. Uwiano huo wa nne kwa moja ni mzuri kwa kuanzia, na karibu mitambo yote mizuri haiko mbali nao. Ekseli iwe kipande cha nondo ya milimita 12 au bomba jembamba la chuma. Tundu lisugueni kwa msasa, lipakeni sabuni ya mche au grisi. Sehemu iliyotobolewa ndiyo itakayopasuka kwanza, kwa hiyo izungushieni mpira wa tyubu ya baiskeli na mkaze sana.

Fremu ni pembetatu mbili za mbao zinazotazamana, zimeungwa chini kwa mbao za mlalo na zimetegemezwa pembeni zisiyumbe. Ekseli ikae sentimita 60 kutoka ardhini, na kati ya pembetatu hizo mbili acheni nafasi ya kama sentimita 25 ili chupa zipite bila kugusa. Chini, katikati ya fremu, lazeni ubao laini, na kombeo litateleza juu yake linapoanza kuvutwa. Likiburuzwa kwenye majani au kokoto, kazi yote inaharibika.

Katika haya yote, mzazi ashike msumeno na keekee. Penseli, tepu, msasa, fundo za kamba na mafuta ni vya watoto. Ukimaliza kutoboa, rudi nyuma. Najua ni vigumu kumtazama mtoto akifunga fundo litakalofunguka, lakini mwache afunge na lifunguke.

Je, wajua kwamba chupa ya mchanga ni nzito kuliko chupa ileile ikiwa na maji? Lita moja ya maji ni kilo 1. Lita moja ya mchanga mkavu ni karibu kilo 1.6. Chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zikijazwa mchanga na kushindiliwa, zinakupa karibu kilo 5, na hazichezi ndani kama maji. Zifungeni kwa waya shingoni, mzining'inize kwenye bolti iliyopita ncha fupi ya mkono. Ziachwe zining'inie na kubembea, zisikazwe kwenye ubao. Mzigo unaoning'inia unashuka ukiwa umenyooka zaidi, na jinsi unavyonyooka ndivyo unavyotoa nishati zaidi kwa ndimu. Hakikisheni pia kwamba zikifika chini kabisa hazigusi ardhi.

Wazee wa Ulaya nao walijaza mchanga na udongo. Villard de Honnecourt, Mfaransa wa karne ya 13 aliyeacha daftari la michoro linalotunzwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris, alichora sehemu ya chini ya manjaniki na kuandika kwamba sanduku lake la mzigo lijazwe udongo, liwe na upana wa futi 9 na kina cha futi 12. Hicho ni chumba kizima. Ukurasa wenye sehemu ya juu ya mtambo umepotea.

Je, wajua kwamba msumari mmoja ndio unaoamua ndimu iende wapi? Kombeo lina kamba mbili. Moja imefungwa moja kwa moja kwenye ncha ya mkono na haitoki. Ya pili ina pete mwishoni, ile pete ya funguo inatosha, na pete hiyo imevikwa tu kwenye msumari uliochomoza kutoka kwenye ncha. Kati ya kamba hizo kuna kifuko cha kitambaa kigumu. Mguu wa jinzi la zamani unafaa sana. Kombeo likikunjwa liwe na urefu wa kama sentimita 70. Mkono unapopanda, kombeo linazunguka, na kwenye pembe fulani pete inateleza, inachomoka, kifuko kinafunguka na ndimu inakwenda zake.

Msumari uwe wa inchi tatu, uliokatwa kichwa na kusuguliwa kwa tupa hadi ukipitisha kidole usihisi kinundu chochote. Kinundu au kutu kidogo tu itaishika pete sehemu ya sekunde zaidi, na ndimu itatua miguuni. Ukiwa umenyooka sana kufuata mkono, pete inatoka mapema na ndimu inapanda juu. Ukikunjwa kuelekea mbele, upande ndimu inakokwenda, pete inachelewa na ndimu inatoka ikiwa chini zaidi. Ukikunjwa kupita kiasi, inapigwa ardhini.

Mpwa wangu wa darasa la nne aliigundua sheria hii kwa koleo. Ndimu ilikuwa imepanda mpaka juu ya mwembe na kuanguka karibu na fremu.

"Mjomba, inatoka haraka."

"Kwa hiyo?"

Akautazama msumari, akaigusa pete, akaipeleka mbele na kuirudisha nyuma kwa kidole kimoja ili aone inapoanza kuteleza. Halafu akaukunja msumari kidogo sana, akarudi akakunja tena kidogo. Ndimu iliyofuata ilivuka uzio wa michongoma. Sikuwa nimemweleza chochote kuhusu pembe.

Je, wajua kwamba jiwe lililokwenda juu na kurudi liliwahi kumwaibisha kamanda Mhispania Hernán Cortés? Ilikuwa mwaka 1521, katika vita vya kuuteka Tenochtitlan, mji ambao leo juu yake limejengwa jiji la Mexico. Baruti ilikuwa inawaishia, na askari mmoja aliyesema amepigana Italia akajitolea kujenga manjaniki. Maseremala wakahangaika nayo kwa siku kadhaa. Jiwe la kwanza likapaa wima, likaanguka palepale lilipotoka. Cortés akaamuru mtambo uvunjwe. Wasimulieni watoto siku ambayo yao itakataa.

Je, wajua kwamba mnaweza kupiga hesabu ya umbali mkubwa kabisa kabla hamjarusha chochote? Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha tu. Chukua kimo ambacho mzigo unashuka, kizidishe kwa mbili, kisha zidisha kwa mara ambazo mzigo unauzidi uzito wa ndimu. Kwa mtambo wa vipimo nilivyovitaja, mzigo unashuka karibu sentimita 35. Mara mbili ni sentimita 70. Kama mzigo ni kilo 4.8 na ndimu ni gramu 48, mzigo unaizidi ndimu mara 100. Jibu ni mita 70.

Hamtafika mita 70. Hiyo ndiyo safari ya mtambo usio na msuguano, wenye mkono usio na uzito, unaorusha kwa nyuzi 45 mahali pasipo na hewa. Mkono wenu una uzito na lazima nao uinuliwe, ekseli inasugua, fremu inatikisika. Mkipata mita 21, mmepata asilimia 30 ya kinachowezekana, na sasa kuna la kufanya. Chongeni ncha ndefu ya mkono iwe nyembamba, maana gramu zilizo mbali na ekseli ndizo zinazokula nishati nyingi. Tegemezeni fremu. Pakeni grisi. Kila mara pimeni tena, mkaone asilimia ikipanda. Mtoto ambaye asilimia zinamchosha darasani atazipigia hesabu hapa bila kuambiwa.

Daftari ni muhimu kuliko nyundo. Mistari minne inatosha: uzito wa mzigo, urefu wa kombeo, msumari umekunjwa vipi, umbali. Na sharti moja lisilovunjwa: kitu kimoja tu kinabadilishwa kwa wakati mmoja. Watoto watataka kubadilisha vyote kwa pamoja. Kataeni.

Je, wajua kwamba mawe ya manjaniki yalichongwa? Mafundi waliyachonga yakawa duara na yenye uzito unaolingana, kwa sababu jiwe jepesi kidogo linakwenda mbali kidogo na kukosa mahali palipokwisha kupigwa. Nanyi pelekeni ndimu dukani zikapimwe kwenye mizani, mchague zinazokaribiana. Mpira wa tenisi nao ni mzuri, una gramu 58 hivi na unadumu. Soksi ya mtoto iliyojazwa maharage na kushonwa inafaa pia, na haidundi ikaenda kwa jirani. Mawe, hapana. Mtambo mdogo haumaanishi jiwe dogo haliwezi kumtoa mtu jicho.

Je, wajua kwamba mfalme mmoja aliwakataza maadui zake wasisalimu amri mpaka aujaribu mtambo wake? Ni Edward I wa Uingereza, mbele ya ngome ya Stirling, Uskoti, Julai 1304. Maseremala kama 50 walikuwa wamehangaika kwa wiki nyingi kujenga manjaniki iliyoitwa Warwolf, yaani Mbwa Mwitu wa Vita. Waliokuwa ndani ya ngome walipotaka kujisalimisha, mfalme akawazuia mpaka mawe yake yaupige ukuta. Kwa ajili ya mizigo ya mitambo yake, madini ya risasi yalibanduliwa kwenye mapaa ya makanisa ya karibu, isipokuwa sehemu iliyofunika madhabahu. Risasi ni nzito karibu mara saba kuliko mchanga mkavu, kwa hiyo sanduku dogo linatosha. Nyumbani msiiguse, wala msitumie betri za gari zilizovunjwa kama mzigo. Risasi ni sumu, na watoto ndio inaowadhuru zaidi.

Je, wajua kwamba wahandisi Waislamu waliufungua mji mmoja wa Uchina kwa niaba ya Wamongolia? Mji wa Xiangyang ulikuwa umezingirwa kwa miaka mitano. Kublai Khan akaomba mafundi kutoka kwa jamaa yake aliyetawala Uajemi na Iraki, wakaja Ismail na Alauddin, wakajenga manjaniki zenye mzigo. Mji pacha wa Fancheng ukaanguka kwanza. Kisha jiwe likaupiga mnara mmoja wa Xiangyang, na mwaka 1273 kamanda wa mji akasalimu amri. Mtambo uliozaliwa Uchina ukivutwa kwa kamba ulirudi nyumbani ukiwa na mzigo, na Wachina wakauita mtambo wa Waislamu. Kitabu cha Marco Polo kinadai kwamba yeye na jamaa zake ndio waliotoa ushauri huo, lakini mji ulikwisha kuanguka kabla hawajafika Uchina.

Je, wajua kwamba manjaniki inaweza kurusha nyuma? Hili lisomeni kwa sauti kabla ya kufyatua mara ya kwanza. Pete ikichomoka mapema mno, ndimu inaweza kwenda kinyume kabisa, kule ambako watu wengi hudhani ni salama. Kwa hiyo hakuna anayesimama mbele wala nyuma. Wote wawe pembeni, hatua kadhaa mbali. Kifyatuo kiwe na kamba ya mita tatu au zaidi. Mkono ukishavutwa chini, usizuiwe kwa mkono wa mtu: una mzigo wa kilo tano upande wa pili unaosubiri. Pitisheni kwanza kipande cha nondo cha usalama kwenye fremu, mfunge ndoano ya kifyatuo, mweke ndimu, mtoke, halafu ndipo nondo itolewe kwa kamba. Miwani ya kukinga macho kwa kila aliyepo. Mtoto mmoja awe msimamizi wa siku, na neno lake la "simama" litiiwe hata na babu.

Wala moto usitumike, hata kwa mzaha. Ngome ya Warwick, Uingereza, ilikuwa na manjaniki kubwa yenye urefu wa mita 18, ambayo watu waliitega kwa kutembea ndani ya magurudumu makubwa ya mbao. Aprili 2015 banda la mashua lililoezekwa nyasi liliteketea hapo, na ikaaminika kwamba ni cheche kutoka kwenye tufe la moto lililorushwa katika maonyesho. Hao walikuwa wataalamu, na uwanja wao ni mkubwa kuliko uani kwenu.

Je, wajua kwamba wapo wanaorusha vitu vya ajabu? Shropshire, Uingereza, katika miaka ya 1990, bwana mmoja aitwaye Hew Kennedy alikuwa na manjaniki iliyorusha piano. Huko Delaware, Marekani, mashindano ya kurusha maboga yalianza mwaka 1986, na manjaniki bora za huko ziliwahi kurusha boga zaidi ya mita 800.

Je, wajua kwamba manjaniki kubwa zilisafirishwa vipandevipande? Mwaka 1291, jeshi la Hama lilipokwenda kuuzingira mji wa Akka, lilichukua kutoka ngome ya Hisn al-Akrad manjaniki iliyoitwa al-Mansuri. Mbao zake zilijaza mikokoteni 100. Mkokoteni mmoja ulikabidhiwa kwa Abu al-Fida, kijana wa miaka 17 aliyekuja kuwa mtawala wa Hama na mwanajiografia mashuhuri, naye ndiye aliyetuachia habari hiyo. Ilikuwa majira ya baridi, mvua na theluji vikawashika njiani, ng'ombe wakadhoofika na kufa. Safari ambayo kwa farasi ni ya siku nane iliwachukua mwezi mzima. Kwa hiyo maungio makubwa ya fremu yenu yafungeni kwa bolti na nati badala ya misumari, na kila kipande kiandikwe namba kwa kalamu ya wino mzito, ili mkienda kijijini likizo mtambo uingie juu ya basi na ujengwe upya huko kabla ya chakula cha mchana.

Je, wajua kwamba magurudumu chini ya fremu yanaweza kuongeza umbali? Mwaka 1998, kando ya Loch Ness huko Uskoti, mafundi na wahandisi walijenga manjaniki kubwa kwa ajili ya filamu ya televisheni na kubomoa nazo ukuta wa mawe uliojengwa kwa kazi hiyo. Mojawapo ilikuwa na magurudumu, na magurudumu yale yalisaidia. Mzigo unaposhuka, unataka kwenda chini moja kwa moja, lakini mkono unaulazimisha ufuate duara. Fremu ikiwa huru kusogea, inakwenda mbele na nyuma yenyewe kuufuata mzigo, mzigo unashuka ukiwa umenyooka zaidi, na fremu inakuwa inasonga mbele wakati jiwe linatoka. Fungeni magurudumu manne ya gari la kuchezea lililovunjika, mweke fremu juu ya sakafu ya saruji, mrushe mara tano bila magurudumu na mara tano nayo, ndimu ileile, msumari uleule. Kabla ya kurusha, kila mtoto aandike kwenye daftari anadhani tofauti itakuwa mita ngapi.